Kwa Nini Maji Hunguruma Yakivuka Banio

Hapo kale maji hayakuwa na ubishi. Yakiwekewa jiwe mbele yalisimama, yakageuka, yakarudi mlimani kwa adabu zote, kama mkwe aliyekuta mlango umefungwa. Katika milima yote ya Upare hakuna aliyewahi kusikia mfereji ukinguruma.

Kirumbi, mwenye shamba la juu, aliijua tabia hiyo. Akajenga banio, ukuta wa mawe na udongo uliokatiza mfereji. Maji yakawa yanafika kwake, yanaishia hapo. Huko chini magimbi ya mjane Nakiete yakaanza kukunja majani, na watoto wake hawakuwa na chakula kingine.

Desturi ilitaka mwenye shida ya maji apeleke kibuyu cha pombe ya miwa, apige magoti. Majirani wakamsihi, "Mama, mkono usioweza kuukata, ubusu."

Nakiete akasonya. "Niubusu mkono unaowaua wanangu kwa njaa? Thubutu!"

Akapanda hadi kwenye banio, mikono mitupu. Kirumbi alikuwa ameketi juu ya ukuta wake akingoja kibuyu. Nakiete hata hakumtazama, aliyageukia maji.

"Nanyi, hamna haya? Mmechimba mabonde yote haya, leo kijiukuta cha mtu mmoja kinawarudisha nyuma? Hata mbuzi akifungiwa hulia!"

Maji yakaona aibu. Hayakurudi tena, yakabaki palepale yakijazana nyuma ya ukuta. Kirumbi akaruka, akaongeza safu ya mawe. Yakapanda. Akaongeza nyingine, yakapanda tena. Hakujua, maskini, kwamba kila jiwe aliloongeza lilikuwa linayapa maji kimo. Yalipofika ukingoni yakakunja mgongo, yakaruka ng'ambo kwa ngurumo iliyotikisa migomba, yakamtupa Kirumbi matopeni na kushuka mbio hadi kwenye magimbi. Nakiete alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Na tangu siku hiyo maji yakizibwa hayarudi. Hutulia kwanza nyuma ya banio yakikusanya nguvu, kisha huvuka yakinguruma. Na kadiri yanavyopanda juu ya ukingo, ndivyo yanavyozidi kumwagika. Ndiyo maana sisi hugawana maji kwa kusimamisha kiganja ukingoni, tupime kina cha maji yanayovuka ili kila shamba lipate kipimo kilekile, na hakuna anayempigia mwenzake magoti. Mfereji ukinyamaza, wanawake wa mashamba ya chini hawaulizi kuna nini. Huchukua majembe yao, wakapanda mlima.