Paa la Kitaluni

Mwanamke mmoja, Tusekile, alikuwa akifua nepi uani, povu limemfika viwikoni, jirani yake alipoingia bila hodi. "Mama Lusajo, unyapara wako kapewa Ambakisye! Mwenye shamba kasema mwenye kichanga akasimamie nepi, si watu."

Tusekile alikuwa amechuma chai katika shamba hilo miaka kumi na miwili. Ambakisye mwenyewe alifundishwa naye kuchuma majani mawili na chipukizi. Alisuuza nepi zilizobaki akazianika, maana zisingejianika. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Alimkuta mwenye shamba kitaluni. Miche ya chai ilipangwa chini ya paa la nyasi, kila mche katika mfuko wake, na mzee mmoja akiinyunyizia maji. Mwenye shamba alisema hana ubaya na mtu. Ila shambani ni kazi, na watoto ni mambo ya nyumbani.

Tusekile akasema, "Baba, miche isiyokupa bado hata jani moja umeijengea kivuli na kuiwekea mtu wa kuitunza. Sisi tunaokujazia gari kila siku, watoto wetu tuwaweke wapi?"

Mzee aliacha kunyunyiza. Mwenye shamba akainua macho, akalitazama lile paa kama mtu anayeliona mara ya kwanza, naye alikuwa amepita chini yake miaka ishirini. Kisha akaagiza waitwe mafundi waliolijenga.

Wiki haikuisha, mafundi hao wakasimamisha paa la pili mwishoni mwa mistari ya chai, lenye uzio, maji na mlezi aliyeajiriwa na shamba. Ikawekwa saa ya kunyonyesha. Wanawake walioachishwa kazi kwa kuzaa wakaitwa, nao wakarudi thelathini na mmoja. Walipoanza kuchuma, yalisikika majani tu yakikatika, mstari hadi mstari, mpaka ng'ambo ya kilima. Tusekile si mtu wa kushangaa ovyo, lakini alisimama akasikiliza.

Ambakisye akamletea filimbi ya unyapara. "Shika, dada, mimi hawanisikii." Kwa mkono wa pili alikuwa amemshika binti yake, anampeleka kwa mlezi.

Jioni Tusekile alipakua ndizi na maharage. Akahesabu: mume, mama mkwe, watoto wanne. Wote wapo, wote wana sahani.

Nawe uliyepewa mamlaka juu ya kazi za watu, je, ni miche tu unayojua kwamba hukauka ikiachwa juani?