Taa ya Kijani ya Wodi Mpya

Wahenga waliposema nyumba njema si mlango, walimwonya mtu asifuye nyumba ilhali hajakanyaga ndani.

Katika chumba cha mitambo cha hospitali moja palikuwa na skrini pana ukutani. Programu iliyo hai iliwashiwa taa ya kijani, iliyokufa, nyekundu. Mkuu wa chumba aliienzi skrini ile kama mboni ya jicho lake. Sheria yake, aliyoiandika ubaoni, ilikuwa moja: taa ikiwa ya kijani, fundi habanduki kitini.

Chini yake alikuwapo fundi wa kike, mwepesi wa mikono na mzito wa kusadiki. Wenzake walimbandika jina la Hakikisha.

Siku moja saa nne asubuhi, Sista wa wodi mpya aliingia akihema. Saa saba angepokea wagonjwa waliotoka kupasuliwa, naye alikuwa amebonyeza kengele za vitanda vyote. Hakuna hata moja iliyolia mezani kwa wauguzi.

"Programu ya kengele ni ya kijani tangu juzi," Mkuu alisema bila kugeuka. "Labda vidole vyako vimechoka, Sista."

"Vidole hivi vimepokea nusu ya watoto wa mji huu, baba. Mgonjwa akivuja damu, nimwambie aite taa yako?"

Hakikisha alisimama. "Mkuu, niruhusu nitazame ndani."

"Wewe utazeeka kwa kuhakikisha."

"Nizeeke, lakini nijue."

"Haya. Mwisho saa sita. Mimi nimeshatia saini wodi ifunguliwe."

Hakikisha alikagua nyaya kitanda kwa kitanda, akazikuta nzima. Ndipo alipofungua orodha ya programu zinazofanya kazi katika mtambo wa kengele. Programu ya kengele haikuwamo. Hata hivyo, kila dakika mstari wenye jina lake ulichomoza, ukatoweka kama mjusi ufani. Aliusoma mara tatu, kisha akacheka peke yake.

"Mkuu, njoo umwone mlinzi wako, programu inayowasha taa za skrini. Kila dakika anaingia humu na kuuliza, 'Kengele yuko?' Swali lake nalo linaandikwa katika orodha, likiwa na jina hilohilo. Analiona, anadhani ni kengele, anawasha kijani."

Mkuu alivaa miwani. "Yaani anajijibu mwenyewe?"

"Tangu juzi. Maiti anasifiwa siha."

Hakikisha alimrekebisha mlinzi asilihesabu swali lake, tena kila dakika abonyeze kengele ya majaribio na kungoja jibu. Papo hapo taa ikageuka nyekundu. Mkuu, aliyekuwa hainuki kitini, aliruka kama aliyekalia siafu.

"Sasa ndiyo inasema kweli," alisema Hakikisha, akaiwasha upya programu ya kengele.

Saa sita kasorobo Sista alipiga simu kutoka wodini, na nyuma ya sauti yake kengele za vitanda vyote zililia kwa pamoja. "Mwanangu, zinatutoboa masikio. Usizizime."

Saa saba vitanda vilijaa. Mgonjwa wa kwanza alibonyeza kuomba maji, na muuguzi akafika kabla hajakiachia kitufe.

Mkuu aliifuta sheria yake ubaoni kwa kiganja. Akamkabidhi Hakikisha chaki, naye akaandika kwa herufi kubwa: nyumba njema si mlango.