Siku Jeraha Lilipoanza Kuuma

Kaeni vizuri, na mwenye kidonda asikikune, maana habari hii inamhusu yeye kwanza. Mwiba ukikuchoma kidoleni, kidole huvimba, huwa chekundu, huwaka moto, kisha kikakunyima usingizi. Mnadhani ndivyo tulivyoumbwa. Sivyo. Kuna wakati nyama ya mwanadamu ilikuwa bubu kabisa.

Wakati huo mtu aliweza kukanyaga kigae, kigae kikazama unyayoni, naye akaendelea na safari yake huku anapiga mluzi. Jembe likikata ugoko, damu ilitoka kidogo ikakauka, basi. Hapakuvimba, rangi haikubadilika, na mwenyewe hakusikia kitu. Msiseme ilikuwa raha. Raha gani hiyo? Watu walikufa kama kuku wa mdondo. Mtu alianguka mchana kweupe akiwa anacheka, wenzake wakimgeuza wanakuta mguu umeoza mpaka gotini, na hakuna aliyejua.

Kwa hiyo watu wa Igundu, kijiji cha wakulima katika nchi ya mawe makubwa, walikuwa na desturi ya kukaguana. Kila jioni, kabla chungu hakijaepuliwa, watu wa nyumba moja walitazamana mwili mzima, katikati ya vidole, kwapani, hadi nyuma ya masikio. Aliyekutwa na jeraha alipelekwa kwa Nyanzobe. Huyu alikuwa mjane, muuguzi wa kijiji kizima, mwanamke mwenye mikono laini na mdomo mkali. Aliliosha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia chumvi kidogo, akalifunga kwa gome laini, huku anakusema wewe na ukoo wako wote kwa uzembe. Watu walimwogopa na walimpenda. Lakini naye alifanya kazi kwa kubahatisha, kwa sababu jeraha halikumwambia kama linapona au linaoza. Alilifunga, akasubiri, na mara nyingi akazika.

Nyumbani kwake waliishi watu watatu: yeye, binti yake wa pekee Kalekwa, na Luhende, mume wa Kalekwa. Luhende alitoka mbali, naye alikuja kuishi na kulima ukweni, kama ilivyokuwa kawaida kwa kijana asiye na ng'ombe. Na hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Mkwe ni mkwe, jamani. Mama mkwe hakumtazama mkwewe usoni, sembuse kumkagua mwili. Hawakupeana mikono, hawakula chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja aliingia majanini. Wakitaka kuambiana jambo waliliambia kitu kilicho karibu. Nyanzobe alisema, "Wewe kinu, mwambie mtu kuni zimekwisha," na Luhende akajibu, "Kinu, mwambie mama nakwenda sasa hivi." Mgeni angedhani wote wawili wamerukwa na akili. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na Luhende alikuwa kijana wa heshima kupita kiasi. Wa kumkagua alikuwa mkewe tu.

Basi mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipoanguka, Kalekwa akajifungua mtoto wa kike. Kwa mila yao mzazi alikaa ndani na mtoto mpaka kitovu kianguke, na mume hakukanyaga humo. Luhende alikimbia kisimani kuteka maji ya kumwogeshea mtoto. Furaha ilikuwa imempanda kichwani, akajikwaa, mtungi ukavunjika, akapita juu ya vigae kurudi kuazima mwingine. Kigae kimoja kilibaki unyayoni mwake, chini kidogo ya vidole. Hakusikia kitu. Na jioni ile, na jioni zilizofuata, hapakuwa na wa kumkagua.

Nyanzobe hakuwa mjinga. Alisimama uani akakiuliza kinu, "Hivi wewe kinu, watu wote wa nyumba hii wamekaguliwa?"

Luhende alikuwa amegeukia ukuta. Akajibu haraka, "Kinu, mwambie mama mtu amejikagua mwenyewe, yuko salama."

Uongo mtupu! Alikuwa ametazama mikono na magoti, basi. Kukaa uani kwa mama mkwe na kuinua nyayo juu aliona aibu. Angeweza kwenda kwa jirani, lakini nani akatangaze kwa jirani kwamba ukweni kwake hakuna wa kumtazama? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wenye haya ndio wa kwanza kuumbuliwa.

Sasa, mama mkwe alikatazwa kumtazama mkwe, ila hakuna mila iliyomkataza kutazama chini. Nyanzobe aliziona nyayo za Luhende kwenye udongo mbichi. Ule wa kulia uliacha doa, na nzi walilifuata doa hilo. Baadaye akaisikia harufu, na harufu ile aliijua kuliko harufu ya ugali. Akakiambia kinu, akamwambia mbuzi, akauambia mlango kwa sauti ya kusikika kwa majirani: "Mtu akatazamwe mguu!" Jibu lilikuwa lile lile, kwamba mtu yuko salama na mama asihangaike.

Siku moja wanaume walikuwa shambani wanalima kwa pamoja, jembe likamponyoka Luhende. Akaketi chini ya tuta akitabasamu, akasema anasikia usingizi. Walipomwita hakuitika. Walimbeba mpaka nyumbani, na Masalu, kiongozi wa kikundi cha kulima, akautazama mguu ambao Nyanzobe hakuruhusiwa kuutazama. Alitoka nje akitikisa kichwa.

"Vidole viwili vimekuwa vyeusi," alisema. "Na weusi unapanda. Mwili umeanza kuwa baridi. Nadhani vijana waandae majembe ya kaburi."

Kalekwa aliyasikia hayo kutoka ndani alikokuwa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, mtoto huyu baba yake hajamwona."

Nyanzobe aliondoka uani, akapanda kilimani. Enzi hizo Muumba alikuwa bado anakaa karibu, nyuma ya mawe ya kilimani, na watu walimpelekea malalamiko yao kama ninyi mnavyompelekea mwenyekiti wa kijiji. Alimkuta akipindapinda pembe za tandala. Mwanamke huyu aliyekuwa na adabu mbele ya kinu alisahau hata kuamkia.

"Umetuumba bubu," alisema. "Nyumba inaungua na aliye ndani hasikii hata harufu ya moshi. Ungeshindwa nini kutupa mbwa wa kubweka?"

Muumba hakukasirika. "Walinzi nimewapeni," alisema. "Wamo ndani ya damu yenu, weupe, wengi kuliko siafu. Uchafu ukiingia mwilini wanaufuata kupigana nao."

"Mbona basi hawafiki?"

"Wanafika wachache, tena wamechelewa. Njia zao ni nyembamba na hakuna anayewaita. Niliwahurumia ninyi, ndiyo maana."

Akamweleza. Akizipanua njia, damu itakimbilia jerahani, na ngozi itakuwa nyekundu na ya moto. Walinzi watatoka njiani waingie nyamani, na maji yatatoka pamoja nao, kwa hiyo pale pataumuka. Na pakiumuka patauma, mtu ashindwe hata kukanyaga. "Tena hataumia Luhende peke yake," Muumba akasema. "Ataumia kila mtu, hata mjukuu wako ambaye hajafumbua macho vizuri. Na hawa walinzi, mama, ni askari. Wakipandwa na hasira kuna wakati hawajui pa kukomea, watachoma hata nyumba waliyokuja kuilinda. Leo utanishukuru na kesho utanilaani. Unataka?"

Hapo Nyanzobe aliketi juu ya jiwe. Alimfikiria yule mtoto, ngozi yake laini kama ganda la ndani la yai. Kumwombea maumivu mtoto ambaye hata jina hajapewa! Bibi gani huyo? Nyanzobe alilia, tena kwa sauti, mbele ya Muumba na mbele ya tandala. Kisha akawafikiria wote aliowaosha na kuwafunga na kuwazika huku nyuso zao zinatabasamu.

"Nataka," alisema. "Anayelia nitamsikia. Asiyelia nitamzika tu."

"Haya. Kazi ya kuwatazama askari hao ni yako," Muumba alisema, akarudia pembe zake.

Hakufika nusu ya mteremko, mwiba ukamchoma kisigino. Nyanzobe akaruka, akapiga yowe ambalo mwanadamu hajapata kulipiga tangu dunia ianze, ndipo akajua ombi limepita. Kijijini alikuta vurugu. Watoto wanalia, wanawake wamekumbatia vidole vilivyounguzwa na vyungu vya moto, na Masalu, yule mwanamume wa miraba minne, amekaa chini na kibanzi kidoleni anatokwa machozi. "Nani ametia makaa kwenye kidole changu?" alikuwa akiuliza. Nyanzobe alimpita. Alikuwa akisikiliza kelele nyingine, iliyotoka nyumbani kwake. Mtu aliyeandaliwa kaburi alikuwa anapiga mayowe.

Mlangoni pa Luhende wanaume wawili walimzuia. "Mama, huyo ni mkweo," walisema. "Wewe ndiye uliyetufundisha mila."

Kutoka ndani Luhende akaita, wala hakukituma kinu. "Mama! Mama Kalekwa! Mguu unaungua! Njoo, mama, nakufa!"

Nyanzobe aliwasukuma wale wanaume, akaingia, akapiga magoti, akaushika mguu wa mkwewe kwa mikono miwili. Ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo. Ulikuwa mwekundu, wa moto, unang'aa, na mtoki ulikuwa umetokeza kinenani, kwa sababu huko nako walinzi walikuwa wamepiga kambi. Akacheka na kulia kwa pamoja. Watu waliokuwa mlangoni walidhani amechanganyikiwa.

Kwa mara ya kwanza jeraha lilimwelekeza. Alipitisha mgongo wa kiganja taratibu, akibonyeza na kuuliza.

"Hapa?"

"Hapo kidogo."

"Na hapa?"

"Mama weee!"

"Kelele! Mtu mzima anajikagua magoti, nyayo anamwachia nani?" alifoka, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia mkwewe moja kwa moja. Alipasua pale palipouma kuliko pote. Ukatoka usaha, ambao ni maiti za walinzi waliokufa vitani, na nyuma ya usaha kikatoka kigae. Akaosha, akauinua mguu juu ya gogo ili maji yashuke, akachora mstari wa mkaa kwenye ngozi pale wekundu ulipokomea. Kesho yake wekundu ulikuwa umeuvuka mstari. Luhende alikuwa na homa kali, anaweweseka. Nyanzobe alikumbuka aliyoambiwa kuhusu askari wasiojua pa kukomea. Alimpangusa kwa maji, akamnywesha uji kwa kijiko, akaosha tena, akachora mstari mwingine, wala hakutoka chumbani kwenda kula. Ilipopita siku nyingine, wekundu ulikuwa umesimama. Baadaye ukaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Vidole viwili havikupona, vilianguka. Mwenye vidole alibaki.

Kitovu cha mtoto kilipoanguka, Luhende alichechemea mpaka kwa mkewe, akampokea binti yake. Siafu mmoja aliyekuwa mkekani akamuuma mtoto mguuni. Mtoto akalia, na pale alipoumwa pakavimba kidogo. Nyanzobe alimnyakua, akapapuliza, akamwambia, "Pole, mjukuu wangu. Pole sana." Wazee wanasema hiyo ndiyo pole ya kwanza kutamkwa. Zamani hapakuwa na wa kuambiwa.

Msidhani kijiji kilimshukuru. Kiliitisha mkutano. Masalu, kidole kimefungwa, alidai Nyanzobe arudi kilimani maneno hayo yafutwe. "Nendeni wenyewe," aliwajibu. Walikwenda, wakakuta mawe matupu. Muumba alikuwa amehama. Mnadhani kwa nini anakaa mbali siku hizi? Ni kwa ajili ya makelele yetu.

Na tangu siku hiyo jeraha la mwanadamu huvimba, huwa jekundu, huwaka moto na kuuma. Askari wale hawajajifunza kipimo mpaka leo. Wapo watu ambao viungo vyao huvimba bila kuchomwa na kitu, na wapo wanaobanwa na kifua kwa vumbi tu. Wapo pia, hasa wenye sukari, ambao miguu yao imerudia ububu wa kale, na hao hutazamwa nyayo kila siku, tena bila haya. Na popote penye mila ya mkwe, mgonjwa akiita huingiwa na yeyote aliye karibu, mambo ya kukimbiana yakangoja apone.

Hata muuguzi wa leo, mwenye sare yake na trei yake ya dawa, anafanya kazi ile ile. Akikubonyeza pembeni ya kidonda akuulize, "Panauma?", nawe ukaruka na kumtukana moyoni, hebu siku moja mtazame usoni. Utaona ameshusha pumzi.