Jogoo Aliyefumwa Kwenye Sari

Paukwa!

Pakawa!

Hao waliojibu ni wa mbele tu. Na nyinyi mlioegemea ukuta? Paukwa!

Pakawaaa!

Sasa sawa. Sogezeni kuni, na mtu asikalie nguo ya mwenzake, maana leo habari yenyewe ni ya nguo.

Hapo zamani za kale, majogoo walipokuwa bado hawajui kuwika alfajiri, palikuwa na mji uitwao Mfumini. Humo waliishi Bi Tamima na mumewe, Mzee Lali. Kazi yao ilikuwa kufuma sari za hariri, zile nguo ndefu ambazo mwanamke hujizungushia mwilini, kisha ncha yake, yaani pindo, akaitupa begani ikaning'inia nyuma.

Kitanda chao cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kilikuwa juu ya shimo, na mfumaji alikaa ukingoni, miguu ndani. Shimo hilo lilichimbwa na bibi yake Bi Tamima. Visigino vya bibi vilikuwa vimeacha vijishimo viwili kwenye udongo, na visigino vya Bi Tamima viliingia humo barabara, kama yai kwenye kiota. Kila akikaa kufuma, alihisi kama bibi yake amemshika miguu.

Sari ya Mfumini ilitaka watu wawili, kwa sababu katikati ilikuwa nyekundu na kingo zake za dhahabu. Bi Tamima alirusha uzi mwekundu, Mzee Lali akarusha wa dhahabu, na nyuzi zikashikana pale rangi zilipokutana. Zisiposhikana, ukingo ulibanduka kama mlango uliong'oka bawaba. Ndiyo maana walikuwa wakiitana kutwa nzima.

"Natuma!"

"Napokea!"

Basi, binti wa Sultani, Mwana Zena, akawa anaolewa Ijumaa. Sultani alikuwa mtu mwema, ila alipenda bata kupita kiasi. Akamtuma tarishi wake kwa wafumaji.

"Sultani anasema, Ijumaa asubuhi anataka sari. Isiwe na doa, isiwe na tundu. Ikiharibika, shimo lenu litafanywa bwawa la bata."

"Bata?" akauliza Bi Tamima.

"Jana walikuja kulitazama. Wamelipenda."

"Na huko kwa Sultani hamjambo?" akauliza Mzee Lali.

"Hatujambo wapi! Shangazi zake bibi harusi wako watatu, na kila mmoja anataka yeye ndiye abebe pindo. Wameshavunja sahani zote. Bibi harusi hajapata usingizi."

Tarishi akaenda zake. Bi Tamima na Mzee Lali wakafuma. Siku ya kwanza vizuri, siku ya pili vizuri. Siku ya tatu Bi Tamima akapika wali wa nazi. Wakala, akabakisha ukoko chunguni, ule mwekundu, mkavu, unaolia ukiuvunja. Akatoka kidogo kuchota maji. Aliporudi, chungu kilikuwa kinang'aa.

"Lali, umekula ukoko wangu."

"Mimi? Mimi nimeinama chunguni nikakuta chungu kinanitazama. Umekula wewe, sasa unatafuta wa kumsingizia."

"Niule ukoko wangu mwenyewe nisijue?"

"Mwaka wa ile mvua kubwa hukula embe ukiwa usingizini?"

"Embe la watu unalikumbuka, ukoko wa leo huukumbuki! Sisemi nawe mpaka uanze wewe, na uanze kwa kuomba radhi."

"Na mimi sisemi mpaka uanze wewe!"

Jogoo wao, Kishungi, alikuwa mlangoni akipangusa mdomo kwenye kizingiti.

Wakarudi shimoni wamenuna. Lakini watu wawili watafumaje bila kuitana? Wakaanza kukohoa. Bi Tamima akituma uzi, kohò! Mzee Lali akipokea, kohò! Kohò, kohò, kohò, mpaka jirani yao, Bi Rehani, akaja mbio na birika la tangawizi.

"Poleni jamani! Mmeanza lini?"

Hakuna aliyemjibu, kila mmoja akihofu kuonekana ndiye aliyeanza kusema. Bi Rehani akaliacha birika mlangoni, akaenda kuwatangazia watu kwamba ugonjwa umewafika kooni.

Kishungi alipenda sana ugomvi usiomhusu, na huu hakutaka kabisa umhusu. Akarukia kitandani apate kuona vizuri. Akageuka huku amtazame mke, akageuka kule amtazame mume, na mkia wake, mrefu wa kijani na wa buluu, ukalala juu ya nyuzi. Uzi mwekundu ukapita juu ya unyoya mmoja. Uzi wa dhahabu ukapita juu ya unyoya huohuo. Paa! Ukakazwa.

Bi Tamima aliuona. Angesema tu, "Lali, ngoja." Lakini hayo yangekuwa maneno ya kwanza! Akakohoa. Mzee Lali naye aliuona. Akamtazama mkewe, akatazama dari, akakohoa. Kishungi akaimba:

*Nafumwa, nafumwa,*
*mkia waingia!*
*Mmoja na aseme,*
*mwenziwe atasikia!*

"Kishungi," akasema Bi Tamima, "mwambie huyo aliyekaa hapo asimamishe kazi."

"Kishungi," akasema Mzee Lali, "mwambie huyo aliyekutuma ana mdomo wake."

Kohò. Paa! Nusu ya mkia ikaingia. Kishungi akaimba kwa sauti kubwa zaidi:

*Nafumwa, nafumwa,*
*mkia waingia!*
*Mmoja na aseme,*
*mwenziwe atasikia!*

"Kishungi, mwambie nasubiri."

"Kishungi, mwambie na mimi nasubiri."

Kohò. Paa! Mkia wote ukaingia. Mara ya tatu Kishungi hakumaliza wimbo. Aliishia "Nafumwa," akaanza kulia.

Ijumaa asubuhi sari ikawa tayari. Ilikuwa nzuri mno, nyekundu kama jua linalochomoza, kingo zake za dhahabu zimeshikana sawasawa, na kwenye pindo palikuwa na jogoo mzima anayepepesa macho. Kumtoa haikuwezekana. Hariri si ukili wa mkeka, ukiifumua uzi hukatika. Na manyoya wakiyang'oa, wangeacha tundu.

"Mkia wangu hauguswi!" akapiga kelele Kishungi. "Bora mnichinje! Hapana, msinichinje. Msifanye lolote."

Wakaibeba, mke mbele, mume nyuma, jogoo katikati, hakuna aliyesema neno njia nzima. Nje kwa Sultani wakawakuta watu wenye majembe, na nyuma yao bata wamekwisha kujipanga.

Sultani akaikunjua nguo. Akafika kwenye pindo.

"Nani amemfuma jogoo kwenye sari ya binti yangu?"

Mke na mume wakatazama chini.

"Nauliza, nani amemfuma jogoo?"

Bi Tamima akakohoa. Mzee Lali akakohoa.

"Nauliza mara ya mwisho! Haya, majembe mbele! Bata, wafuateni!"

Majembe yakanyanyuliwa, bata wakatia miguu njiani, kwaa, kwaa, kwaa. Bi Tamima akafikiria vile vijishimo viwili vikijaa maji, na bata akiogelea juu ya visigino vya bibi yake. Koo likamfunguka.

"Ni mimi!"

"Ni mimi!" akasema Mzee Lali papo hapo.

Wakageukiana.

"Wewe wapi? Unyoya wa kwanza niliuona mimi!"

"Niliuona kabla yako!"

"Ukauona ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe!"

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe!"

Wakatazamana. Bi Tamima akaanza kucheka, Mzee Lali naye akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mume wangu, ukoko ule nimekusamehe."

"Lakini mke wangu, wallahi sikuula."

"Na mimi sikuula."

Wote wawili wakageuka taratibu kumtazama Kishungi. Kwenye undu wake mwekundu wa kichwani, juu kabisa, ilikuwa imeganda punje ya wali.

"Nilionja tu," akasema Kishungi.

Sultani alikuwa bado ana hasira. "Hayo ya ukoko yenu. Sari yangu je?"

Hapo Mwana Zena akatokea, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaichukua sari, akajizungushia, akalitupa pindo begani. Kishungi akashuka nalo mgongoni mwake kwa kishindo, akatua chini kwa miguu yake miwili. Mwana Zena akapiga hatua, Kishungi akapiga hatua. Mwana Zena akazunguka ua, Kishungi akazunguka nyuma yake, kifua mbele, mkia juu, na pindo halikugusa mchanga hata kidogo.

"Ngoja!" wakasema shangazi watatu kwa pamoja. "Na pindo atabeba nani?"

"Limeshabebwa," akasema Mwana Zena.

Shangazi wakatazamana. Hakuna aliyelipata, basi hakuna aliyeshindwa. Wakapumua. Kisha wakaanza kugombania nani atamlisha jogoo.

"Lakini binti yangu," akasema Sultani, "niliagiza sari isiyo na doa wala tundu."

"Haina doa, baba, wala haina tundu. Ina jogoo. Jogoo hukumtaja."

Sultani akafikiri, akakuna kichwa, akawaita bata warudi. Walirudi kwa huzuni, wakiyumba huku na kule, na mpaka leo ndivyo wanavyotembea.

Kishungi alihudhuria harusi, akala pilau kwa mikono ya shangazi watatu. Manyoya yake yalipopukutika kwa wakati wake, yalibaki kwenye pindo, naye akarudi nyumbani akiwa na mkia mpya, mfupi kidogo. Alimkuta Bi Tamima shimoni, visigino mahali pake. "Natuma!" "Napokea!" Na ukoko siku hizo uligawanywa mara tatu.

Lakini tangu hapo, Kishungi hawezi kabisa kuvumilia nyumba iliyo kimya. Aliwafundisha wanawe, nao wakawafundisha wana wao. Kabla hakujapambazuka, kabla mtu hajapata nafasi ya kuamka amenuna, jogoo husimama juu ya paa akaupigia kelele mji mzima: Semezaneni huko ndani! Semezaneni, kabla hamjanifuma!

Na mimi nyuzi zangu zimeshikana, ukingo umefika. Hadithi nimeikata hapa.