Aliyeandikwa "Yupo" Miaka Tisa

Huko India, ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja mwalimu wa hesabu, mkali kuliko pilipili ya kwao. Alifundisha darasa la nne miaka ishirini, na kila asubuhi, kabla hata hajavuta kiti, aliita majina. Ukichelewa kuitika, umekwisha. Watu wa mji wakasema, mama anayenyoosha watoto hivi, si atunyooshee na serikali? Wakampa kura. Akawa mbunge, na mwaka uleule waziri wa elimu.

Siku ya kuondoka alimwambia mwalimu mkuu, "Siasa ni upepo. Niwekee nafasi yangu, nitarudi."

Sasa uwaziri aliupata, lakini kuita majina hakukumtoka. Alizunguka shule kwa shule bila kutoa taarifa, sari kaipandisha isiguse vumbi, anaita walimu mmoja mmoja. Mtoro akipatikana, hana kazi. Ikafika mahali walimu wakisikia hata gari la maziwa, mbio darasani.

Mwaka wa tisa akatokea kwenye shule yake ya zamani. Mwalimu mkuu, mzee wa watu, akamvika shada la maua ya manjano. Chai ikaletwa. Mama akaisukuma pembeni, akataka daftari la mahudhurio ya walimu.

Darasa la kwanza, mwalimu yupo. La pili yupo, la tatu yupo. La nne akakuta watoto hamsini na mmoja wanatazama ubao mtupu. Akamuuliza binti wa mbele, saba mara nane ni ngapi? Binti akafikiri, akajibu kwa adabu zote kwamba hiyo bado haijafika shuleni kwao.

Mama akawaka. Akafungua daftari kwenye safu ya darasa la nne, alama zimejaa.

"Jana yupo, leo yupo, miaka tisa yupo, hajaugua hata mafua! Mtu huyu namfukuza leo hii. Ni nani?"

"Mheshimiwa," mzee akasema, "vaa miwani, usome mwenyewe."

Akavaa. Akasoma. Jina lilikuwa lake.

"Ulisema nikuwekee nafasi," mzee akaendelea polepole. "Kila nikiomba mwalimu, wizara yako inanijibu nafasi imejaa. Na mimi ni nani nimwandike waziri mtoro?"

Mama aliona aibu mpaka akakaa chini, kwenye dawati la watoto.

Mnacheka? Chekeni, halafu tufungue daftari letu. Humu kanisani yumo mwenyekiti wa kutembelea wagonjwa ambaye hajaona mgonjwa tangu Pasaka ya mwaka juzi, na ukimwambia amwachie mwenzake ananuna wiki nzima. Wamo akina baba ambao nyumbani kuna koti lao tu msumarini. Na mimi mchungaji wenu, simo? Sisi ni mabingwa wa kukamata watoro wa wenzetu. Miaka tisa yule mama aliwinda watoro nchi nzima, na mtoro mkubwa alikuwa anapanda naye gari.

Basi nikuulize wewe unayejifanya unatafuta ukurasa kwenye Biblia: ni kiti gani umekikalia kwa jina tu? Ni mtoto gani hajui saba mara nane kwa ajili yako? Rudi ukafundishe, au inuka mwingine akae. Mungu akianza kuita majina, haangalii alama za daftarini. Anaangalia kiti.