Kijiko cha Kwanza cha Bwana Fisi

Nani hapa amekula akashiba?
Bado!
Basi sogezeni sahani za masikio.
Tupakulie!

Palikuwa na bonde la wanyama wenye njaa. Na kama halikuwapo, mbona harufu yake ipo mpaka leo? Bi Kanga aliishi humo na kifaranga wake, Kidoa. Bwana Fisi alikuwa afisa lishe. Ana tai shingoni, ana funguo za stoo, ana semina kila wiki. Kila mwezi aligawa unga wa karanga, bure, na kila mwezi Kidoa alipanda mizani.

Mwezi wa kwanza, Kidoa kapungua.
“Bwana Afisa, mbona uji mchungu?”
“Ongeza maji, mama.”

Mwezi wa pili, kapungua tena.
“Bwana Afisa, mbona mwanangu anakwisha?”
“Chemsha sana. Madam, hii ni fortified, imeongezwa virutubisho!”

Mwezi wa tatu, Kidoa hakuweza hata kusimama kwenye mizani. Bi Kanga hakuuliza. Alikwenda kuchungulia stoo. Unajua aliona nini? Karanga nene, nyeupe, zinajazwa magunia ya sokoni. Zilizokunjamana, zenye ukungu wa kijani, zinamwagwa mashineni. Zikishasagwa, nani atajua?

Ikafika Siku ya Lishe. Maturubai, spika, hotuba. Bi Kanga akakoroga uji wa unga uleule, akapakua bakuli la kwanza, akapiga goti mbele ya Fisi.
“Bwana Afisa, kwetu mleta chakula huonja kwanza, kutoa sumu. Karibu.”
“Aah, nimefunga.”
“Umefunga? Na hiyo sambusa mkononi?”
“Tumbo linasumbua.”
“Uji ndio dawa ya tumbo, baba.”
“Jino! Jino linauma!”
“Tangu lini uji ukatafunwa?” akadakia Nguchiro, na bonde zima likacheka.

Fisi akapandwa na hasira, akasahau spika iko wazi.
“Nyie mna wazimu? Unga huu si wa kuliwa na watu! Ni wa watoto wenu!”

Bi Kanga akachukua bakuli lake, akainuka.

Sufuria ikamwagwa shimoni, ikafukiwa, hata kuku wasidonoe, maana sumu ya ukungu haiui njaa wala haifi kwa moto. Kina mama wakavunja kufuli la stoo, wakatandika mkeka, wakachagua karanga moja moja: iliyooza, tupa, iliyokunjamana, tupa, yenye ukungu, tupa. Nzima wakaanika juani juu ya turubai la mgeni rasmi. Mwezi wa nne Kidoa alipanda mizani mwenyewe. Mshale ukasogea, kidogo tu. Bi Kanga akaomba apimwe tena, asiamini macho.

Na Fisi? Alifukuzwa? Thubutu! Alihamishiwa bonde la pili, kwa cheo kikubwa, na magunia yake.

Sufuria nimeifunika. Mmeshiba?
Hatujashiba!
Basi nyie mliomhamisha, mnaosaini risala na kula sambusa: njooni mbele ya mama zetu, mfungue gunia, mpike, na mnywe nyie kwanza. Leo. Tunasubiri na vijiko.