Koili ya Shemeji

Mnazijua hizi sigara za umeme, zile vijana wanaziita vepu? Msinitazame hivyo, wapendwa, wengine mnazo humo humo kwenye mikoba. Basi alikuwepo fundi mmoja, kibanda chake karibu na stendi, kazi yake kusokota koili za vepu. Koili ni kawaya kadogo kanakopata moto ndani, ndipo moshi unatoka. Ukichagua waya mwembamba ukauzungusha mara nyingi, umeme unapita kwa shida na moshi unakuwa wa kiasi. Ukichagua waya mnene, mizunguko michache, umeme unapita bila kizuizi. Moshi mwingi, sifa nyingi, na betri inachemka.

Fundi huyu alikuwa na sheria yake. Kila koili aliipima kwa mita ya umeme mbele ya mteja, na mita ikionyesha kizuizi ni kidogo mno, aliikata kwa koleo palepale. Walimtukana, wakamwita mshamba, wakahamia kwa mafundi wengine. Hakujali. Alishaona betri ikilipuka, na hakutaka kuona tena.

Asubuhi moja akaja shemeji yake, kaka pekee wa mkewe. Akataka moshi wa kufunika ukumbi, maana Jumamosi kuna harusi na wenzake wameshajigamba. Fundi akamweleza taratibu kwamba betri yake haiwezi. Shemeji akawageukia waliokaa kwenye benchi.

"Dada yangu nimempa, waya ananinyima. Jamani, ndiyo ushemeji huu?"

Watu wakacheka. Fundi akaona aibu, na aibu ya ukweni mnaijua, haina dawa. Akachukua waya mnene, akazungusha mara nne, akafunga. Mita ilikuwa mezani. Hakuigusa. Unadhani alisahau? Hakusahau, ndugu yangu. Alijua itasema nini, na hakutaka kuambiwa.

Jumamosi, katikati ya harusi, betri ikamlipukia yule shemeji mdomoni. Hakufika hospitali.

Msiba ulipoisha na watu kuondoka, mke akamkuta fundi amekaa uani peke yake. Mke hakulia, hakupaza sauti. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Ulimpimia?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Watu usiowajua unawapimia. Kaka yangu ukashindwa?"

 

Sasa tuje kwetu sisi. Mtoto wa jirani akilewa, tunaitisha kikao. Wa kwetu akilewa, tunasema ni ujana, yataisha. Mgeni akiiba sadaka tunamtangaza kanisa zima lisikie, lakini akiiba ndugu tunafunga mlango, tunasema mambo ya familia haya. Nani kati yetu hajawahi kumpa mtu wake kitu cha kumuua, ili tu asiitwe mkali? Na tunauita upendo. Upendo gani huo, unaowalinda watu baki na kuwazika wa kwetu?

Ningependa kuwapa neno la faraja mwende nalo nyumbani. Nimelitafuta wiki nzima, sina. Mimi mwenyewe ninayesimama hapa ninaye mtu wangu ninayemwona anaangamia. Kila siku ananisalimia, ananichekea, nami naitikia salamu na kunyamaza.